Vishikio vya Waya

Mtu mzima anayechezea mabehewa ya plastiki huchekwa, na wanaomcheka hawana kosa kubwa. Hata hivyo, tumtazame kidogo Mmarekani huyu na kisu chake. Behewa la mizigo la bei nafuu, dogo mara 87 kuliko lile la kweli, huja na vishikio vilivyofinyangwa pamoja na ubavu wake, mistari tu. Yeye huvikwangua, hutoboa matundu kwa keekee nyembamba kama sindano, kisha hupachika vya waya, kimoja kimoja.

Vishikio hivyo vina historia ya damu. Katika karne ya 19 mfunga breki wa Marekani alitembea juu ya mapaa ya treni iendayo, usiku, penye barafu, akizungusha gurudumu la breki behewa baada ya behewa. Wakati wa kuunganisha mabehewa alisimama katikati yake, akiongoza pete na pini kwa mkono. Wengi walipoteza vidole, wengine uhai. Na dawa ilikuwepo: breki za upepo za George Westinghouse tangu 1869, kiungo cha kujifunga cha Eli Janney tangu 1873. Makampuni yalihesabu gharama kwanza. Ilibidi sheria ya 1893 iyalazimishe, na vishikio vikatajwa humo humo.

Njia ya kutembelea juu ya paa ilikaa zaidi. Mabehewa mapya yaliyofunikwa yaliacha kuwekewa mwaka 1966. Kwa hiyo fundi anayetaka behewa lililoundwa mwaka 1975 huing'oa, huziba matundu, hufupisha ngazi, na gurudumu la breki hulishusha chini.