Ritifaa ya Nyang'hwale

Nyang'hwale ni wilaya ya mkoa wa Geita, makao makuu yake Kharumwa. Mtu wa kwetu akilitaja jina hilo, ng' inatokea puani na pumzi ya h inaifuata papo hapo. Ritifaa ile si pambo, ni sehemu ya herufi. Lakini nimeshaona karatasi zilizoandikwa Nyanghwale, na nyingine Nyang'Hwale, H kubwa imesimama katikati kama mgeni asiyealikwa. Nilidhani ni uzembe wa karani. Kumbe kosa hili lina historia.

Kompyuta nyingi za mwanzo, zile za kujaza chumba kizima, hazikuwa na herufi ndogo. Kila herufi ilipewa biti 6, yaani nafasi 64 tu kwa alfabeti, tarakimu na alama zote. Serikali yetu ilifunga kompyuta yake ya kwanza Hazina mwaka 1965. Mwaka mmoja kabla, IBM ilikuwa imetangaza System/360 yenye biti 8, na herufi ndogo zikapata makazi. Katika msimbo wake, EBCDIC, n ndogo ni 149 na N kubwa ni 213. Tofauti ni 64, na 64 ndiyo namba ya nafasi tupu. Basi mafundi wakapata ujanja: ukiliunganisha neno na nafasi tupu, biti kwa biti, herufi zote zinakuwa kubwa. Ritifaa, namba 125, haiguswi, maana biti ya 64 inayo tayari.

Kurudi kwenye herufi ndogo ndiko kwenye balaa. Ukiifuta biti hiyo kila mahali, ritifaa inageuka 61, ambayo si alama ya kusomeka. Mikato na tarakimu nazo zinaharibika. Na alama hizo ndizo zinazotenganisha jina na jina. Katika COBOL, neno linaweza kufungwa kwa ritifaa mbili, na ritifaa iliyo ndani yake huandikwa mara mbili:

'NYANG''HWALE','KHARUMWA'

Uzio ndani ya uzio. Programu makini hutembea herufi kwa herufi, ikijua iko ndani au nje. Programu ya haraka haraka inaiona ritifaa, inadhani neno limekwisha, inaanza jingine kwa herufi kubwa. Hata leo, amri ya title katika lugha ya Python inatoa Nyang'Hwale.

Mtasema ni jambo dogo. Lakini kwa mashine, Nyanghwale na Nyang'hwale ni mahali pawili. Mwenye cheti kimoja hivi na kingine vile anaambiwa taarifa zake hazifanani, arudi na kiapo cha mahakamani. Na kule Shinyanga, mgodi wa dhahabu unajulikana duniani kama Bulyanhulu, ingawa wapo wanaoandika Bulyang'hulu.

Mimi naijaza ritifaa kila fomu. Mfumo ukiikataa, namwomba karani aiweke kwa kalamu.