Mfuatano wa Umiliki: Kulitafuta Shamba la Babu

Ukitaka kununua kiwanja Makambako, wakili mzuri hatatosheka na jina la anayeuza. Atauliza aliyekuwa nacho kabla yake ni nani, naye alikipata kwa nani, kwa njia gani. Majibu hayo yakipangwa tangu mmiliki wa kwanza hadi wa leo, bila pengo katikati, ndiyo mfuatano wa umiliki. Istilahi hii imetujia kutoka sheria ya Kiingereza, ambako mfano wake ni mnyororo, na wapo wanaosema mnyororo wa umiliki. Mimi nashika mfuatano. Mnyororo masikioni mwetu bado una harufu ya kifungo, na ardhi ya ukoo hufuatana kama watu wanavyofuatana: baba, mwana, mjukuu.

Waingereza walikuwa na wakulima walioitwa yomani: si makabaila, si vibarua, bali watu wenye shamba lao wenyewe. Tangu 1430 mkulima mwenye ardhi huru iliyomwingizia walau shilingi 40 kwa mwaka aliweza kupiga kura ya mbunge wa kaunti yake. Shamba la yomani lilipouzwa, hati iliandikwa kwenye ngozi: jina la muuzaji na mnunuzi, parokia zao, mara nyingi mke na mtoto mrithi, majirani wa kila upande, na hati zilizotangulia. Ndiyo maana mtafiti wa ukoo huko anaweza kuanza na karatasi moja ya mauziano akaishia na vizazi vitano.

Sasa njoo Mdandu, Wanging'ombe. Babu wa Kibena aliyefyeka pori, akalima ulezi na mahindi mlimani na vinyungu bondeni, hakuwa mmiliki pungufu kuliko yomani. Alichokosa ni karatasi, na alikosa kwa sababu ya sheria. Mwaka 1895 Wajerumani walitangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe anayetambulika ni ya Taji. Sheria ya Waingereza ya 1923 ikaiweka chini ya Gavana, na marekebisho ya 1928 yakatambua kuwa wenyeji wanaoitumia kwa mila zao nao wana haki. Walitambuliwa, lakini hawakuandikishwa. Daftari la Msajili wa Hati lilikuwa la walowezi, misheni na kampuni. Kwa hiyo anayekwenda kwa Msajili kutafuta jina la babu yake wa Mdandu atatoka mikono mitupu, na asidhani kwamba babu hakuwa na kitu.

Mfuatano wa hapa umeshikwa na watu. Swali la kwanza si "hati iko wapi?" bali "alipewa au aliazimwa?" Hapo ndipo penye ugomvi mwingi wa ardhi ninaoujua. Kijana alikwenda manamba kwenye mkonge Tanga, kama walivyokwenda Wabena wengi, akamwachia ndugu yake shamba. Miaka ikapita, aliyebaki akazaa, watoto wakakuta baba analima, wakaamini ni lake. Wazee hutumia alama kuamua: aliyeazimwa kwa kawaida hulima mazao ya msimu na hapandi miti ya kudumu, akipanda miwati au misindano na mwenye shamba akanyamaza, kuna neno hapo. Makaburi nayo husema. Ukoo hauziki wazee wake kwenye shamba la kuazima.

Karatasi chache zipo, ila si zile za yomani. Wamisionari wa Berlin waliingia Ubena mwishoni mwa karne ya 19, na vitabu vya ubatizo vya makanisa ya Kilutheri hutaja wazazi na kijiji. Stakabadhi za kodi zinaonyesha mtu alihesabiwa wapi. Hukumu za mahakama za wenyeji ni hazina zaidi, kwa kuwa waliogombana walilazimika kutaja mipaka. Halafu kuna ile karatasi ya daftari la shule iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni: "Mimi nimemuuzia shamba langu, kaskazini napakana na fulani, kusini mto, mashariki njia ya ng'ombe." Chini kuna dole gumba, majina ya mashahidi na muhuri wa mtendaji. Usiidharau. Inataja majirani, na majirani ndio mashahidi wa pembeni wa mfuatano wako: shamba lao likijulikana, lako limekaa mahali pake.

Pengo kubwa ni la Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Watu walihamishwa kwenda kuishi pamoja vijijini, mahame yakabaki na miembe na makaburi, na mashamba ya wenyeji yakagawiwa wageni. Mwaka 1994, katika kesi ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Hata hivyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kifungu cha 15, inathibitisha ugawaji uliofanywa kati ya Januari 1970 na Desemba 1977. Maana yake ni chungu: unaweza kuthibitisha kwamba mahame yale yalikuwa ya babu yako, na bado yasiwe yako. Utafiti wa ukoo na madai ya ardhi ni mambo mawili.

Sheria hiyohiyo, iliyoanza kutumika Mei 2001, ndiyo iliyoleta hati ya hakimiliki ya kimila. Hutolewa na halmashauri ya kijiji, husainiwa na mwenyekiti na mtendaji, mmiliki hutia sahihi au dole gumba, kisha ofisa ardhi wa wilaya huisajili. Inaweza kuwa na majina ya mume na mke, na inaweza kutolewa bila ukomo wa miaka. Lakini hati hii ni pete ya kwanza ya chuma mwishoni mwa kamba ndefu: inamtaja wa leo, haisemi alipokea kwa nani.

Kwa hiyo mnaopimiwa mashamba sasa, Mdandu na kwingineko Njombe, msiishie kwenye hati. Andikeni karatasi ya pili: nani alifyeka, nani alirithi, nani aliazimwa, majirani walikuwa akina nani kabla ya kuhamia kijijini. Wazee wanaojua waitie dole gumba, na nakala moja ikae ofisi ya kijiji.