Ngozi na Kiini: Historia ya Mzigo wa Utunzaji katika Mwonekano wa MediaWiki, 2004–2020

Historia ya programu za wiki kwa kawaida husimuliwa kama historia ya maudhui: ni nani aliyeandika, ni nani aliyehariri, na makala ziliongezekaje. Tabaka la mwonekano, yaani mpangilio wa ukurasa, menyu na rangi zinazomkabili msomaji, limechukuliwa kuwa pambo tu. Insha hii inachunguza tabaka hilo katika MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, ambamo huitwa "ngozi". Hoja yake ni kwamba mageuzi ya ngozi kati ya mwaka 2004 na 2020 yalikuwa, kimsingi, mvutano kuhusu nani abebe mzigo wa utunzaji: watunzaji wa kiini cha programu au mwenye ngozi. Chanzo kimojawapo ni msimbo wenyewe, pamoja na maelezo ambayo wahandisi waliyaacha ndani yake.

Ngozi za awali, kama vile Standard, Nostalgia na Cologne Blue, zilifumwa pamoja na kiini. Toleo la 1.3 la mwaka 2004 lilileta MonoBook, kazi ya Gabriel Wicke, iliyotenga muundo wa ukurasa katika kiolezo na sura yake katika CSS. Kiolezo hicho kilitegemea PHPTAL, zana iliyotoka nje ya mradi. Baadaye zana hiyo iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na PHP ya kawaida. Hata hivyo, maelezo yaliyo katika faili la QuickTemplate yanakiri kwamba kiolesura chake kilitengenezwa kuafikiana na sehemu za PHPTAL 0.7 zilizokuwa zikitumika. Ushahidi huu ni muhimu kwa mwanahistoria: zana ilitoweka, lakini umbo lake likabaki.

Mabadiliko hayo yalizaa desturi ya kunakili. Aliyetaka ngozi yake mwenyewe alichukua faili la MonoBook, akalibadili jina, akarekebisha alichotaka, kisha akaliweka katika folda ya ngozi, na programu ikalitambua yenyewe. Gharama ya siku ya kwanza ilikuwa ndogo. Lakini nakala hiyo ilibeba pia kazi zilizostahili kubaki katika kiini, kama vile kuita hati za JavaScript na kupanga viungo vya chini ya ukurasa. Toleo la 1.17 la mwaka 2011 lilipoleta ResourceLoader na kubadili namna CSS na JavaScript zinavyofikishwa kwenye kivinjari, nakala zilizoshikilia njia ya zamani ziliachwa nyuma. Kasoro iliyosahihishwa mara moja katika MonoBook ilibaki katika kila nakala hadi mtu aiondoe kwa mkono.

Hapa ndipo uzito wa suala unapoonekana. Taasisi ndogo yenye fundi mmoja hujikuta mbele ya njia mbili: kupandisha toleo na kuharibu mwonekano wake, au kubaki na toleo la zamani ambalo mianya yake ya usalama haizibwi tena. Anayechagua njia ya pili hulinda sura na kuhatarisha maudhui.

Watunzaji wa kiini walijibu hatua kwa hatua. Toleo la 1.18 lilikusanya kazi za pamoja katika BaseTemplate. Mwaka 2014, toleo la 1.24 lilizitoa ngozi katika hazina ya kiini na kuzipa hazina zake. Mwaka 2015, toleo la 1.25 lilileta usajili kwa faili la skin.json, na utambuzi wa moja kwa moja ukakoma. Hatimaye toleo la 1.35 la mwaka 2020 lilikuja na SkinMustache: kiini huandaa data, nayo ngozi huipanga katika violezo visivyo na mantiki ya programu ndani yake.

Yawezekana kupinga kwamba mageuzi hayo yenyewe yalivunja ngozi za zamani, na pingamizi hilo lina ukweli. Mtengenezaji alipoteza uhuru wa kuita kazi yoyote ya kiini. Tofauti ni kwamba sasa alipata mpaka unaojulikana. Anayemrithi anaweza kusoma ngozi bila kuchambua kiini chote.

Mpaka huo unahusu pia lugha. Maneno ya kiolesura cha MediaWiki huhifadhiwa nje ya ngozi, na hutafsiriwa na watu wa kujitolea kupitia translatewiki.net. Ngozi inayoomba ujumbe kutoka kwenye hifadhi hiyo humwonyesha msomaji wa Wikipedia ya Kiswahili neno "Hariri". Ngozi iliyoandikwa maneno yake ndani ya kiolezo hubaki na lugha ya mtengenezaji wake, hata kama tafsiri ipo tayari.

Kwa hiyo, kuipima ngozi kwa uzuri wake wa siku ya uzinduzi hakutoshi. Kigezo cha kihistoria kinachopendekezwa hapa ni kiasi cha kazi ambacho ngozi humwachia mtu atakayeitunza baada ya mtengenezaji wake kuondoka.