Chama cha Wakulima wa Kahawa Kilimanjaro

Wasikilizaji wetu, tukinena habari za watu wajisaidiao, hatuwezi kuwapita Wachagga wa Moshi. Mwaka 1925 wakulima wao wa kahawa waliunda chama, kikiongozwa na Joseph Merinyo. Kazi kubwa ya chama hicho ilikuwa kupigana na wadudu. Kwa hiyo wakulima walishirikiana kupata dawa na mabomba ya kuinyunyizia mibuni.

Jambo hili laweza kuonekana dogo. Walakini wakati ule Wazungu wenye mashamba walitaka Waafrika wakatazwe kupanda kahawa, wakisema kwamba mibuni yao ingeeneza maradhi. Basi kila kihamba kilichotiwa dawa, yaani kila shamba la migomba na mibuni lizungukalo nyumba, kilikuwa jibu. Nasi twadhani hata wakili hodari asingalijibu vizuri zaidi. Kahawa ya Wachagga haikukatazwa.

Mwaka 1933 ukafuata umoja wa vyama vya ushirika, K.N.C.U. Si wote walioupenda: mwaka 1937 zilitokea ghasia, kwa kuwa wakulima walilazimishwa kuuza kahawa yao kwake peke yake. Hata hivyo umoja haukufa, na baadaye ukajenga jengo lake kubwa mjini Moshi.