Gari uliloliunda mwenyewe: ukaguzi kabla ya kupata namba

Katika gereji za Tukuyu, Kiwira na Ushirika, fundi mzuri anaweza kuchukua chasisi ya kirikuu kilichochoka, akaifunga injini ya gari jingine, akachomelea bodi mpya, na kikatoka chombo kinachobeba ndizi au maparachichi kutoka shambani. Kukiunda si kosa. Maswali huanza siku kinapokanyaga lami, kwa sababu hapo kinahesabika kuwa chombo cha moto kama basi la Mbeya au lori la chai.

Msikilizaji anayefikiria kuunda gari, au kununua lililoundwa na mwingine, ajue kwamba kuna maswali mawili tofauti, na kila moja lina mwenyewe. La kwanza: hiki ni chombo gani, kimetoka wapi na ni cha nani? Hilo ni la Mamlaka ya Mapato, TRA, ambayo ndiyo inayosajili magari na kutoa kadi. La pili: je, ni salama kwa barabara? Hilo ni la Polisi wa Usalama Barabarani, wenye wakaguzi wao wa magari, chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973. Wengi hujiandaa kwa swali la pili tu. Wanapaka rangi, wanafunga taa, kisha wanakwama kwenye lile la kwanza.

Namba za chuma

Mkaguzi huanza na namba: ya chasisi, iliyogongwa kwenye fremu, na ya injini, iliyo kwenye bloku. Magari mengi ya dunia yana namba ya chasisi yenye tarakimu na herufi 17, na ndani yake hutakuta herufi I, O wala Q, ili zisichanganywe na 1 na 0. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani lenyewe, ambayo ndiyo mengi tuliyo nayo, yana namba fupi zaidi. Kwa hiyo ufupi wa namba si dalili ya wizi. Dalili ni chuma kilichosagwa, kilichochomelewa upya, au tarakimu zisizolingana kwa ukubwa na kina.

Polisi huzilinganisha namba hizo na kumbukumbu, zikiwemo za Interpol za magari yaliyoibwa katika nchi nyingi. Kwa wilaya inayopitiwa na barabara ya Kasumulu kuelekea Malawi, hilo si jambo la mbali. Injini uliyoinunua kwa bei ya kutupa kwa mtu wa skrepa inaweza kuwa imetoka kwenye gari linalotafutwa, na mwenye kuulizwa atakuwa wewe uliyenayo.

Kinga yake ni karatasi. Ukinunua gari bovu kwa ajili ya vipuri, chukua na kadi yake na hati ya mauziano yenye jina la muuzaji. Injini ya mtumba iwe na risiti ya EFD inayotaja namba yake. Piga picha za namba hizo kabla ya kuanza kukata chuma. Na kama fremu ni ya kuchomelea upya, haina namba kabisa, usijigongee namba ya kubuni. Ulizia TRA na polisi kwanza. Namba ya kubuni inaligeuza gari halali kuwa kesi.

Swali linalosumbua ni hili: ukichanganya vipande vya magari matatu, gari ni lipi? Uingereza, ambako watu wengi hununua vipande na kujiundia magari nyumbani, waliwahi kulijibu kwa pointi. Chasisi ilipewa pointi 5. Springi na mfumo wake 2, ekseli 2, gia boksi 2, usukani 2, na injini 1 tu. Gari lililobadilishwa sana likifikisha pointi 8, zikiwemo zile 5 za chasisi, lilibaki na namba yake ya zamani. Lisipofikisha, lilipelekwa kwenye ukaguzi maalumu wa gari moja moja. Utaratibu huo si wetu, lakini unaonyesha kwa nini mkaguzi popote anahangaika na chasisi kuliko injini, wakati fundi wetu kwa kawaida anaona injini ndiyo gari.

Breki na milima yetu

Mkaguzi hatazami rangi. Anatazama usukani kama una mchezo, tairi, taa, indiketa, honi, waipa, vioo vya pembeni, mikanda, ncha kali za bati zinazoweza kumchana mtembea kwa miguu, na kama kuna mafuta yanayovuja karibu na ekzosi. Lakini kwa Rungwe, mimi ningeanza na breki na ningekaa hapo muda mrefu.

Tukuyu iko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Kyela iko kama mita 500. Gari lenye tani mbili, mzigo ukiwemo, likishuka mita hizo 1,000 linabeba nguvu ambayo lazima iishie mahali. Ukishusha kwa breki tupu, yote inageuka joto kwenye ngoma na diski, na joto hilo linatosha kuchemsha karibu ndoo tatu za maji za lita 20. Ndiyo maana breki iliyoshika vizuri uwanjani huweza kulegea ikifika nusu ya mteremko. Upande wa pili, kuelekea Uyole, kuna mteremko wa Igawilo, na wasafiri wa njia hiyo hawahitaji kuelezwa breki ikikatika inakuwaje.

Kosa la kawaida katika magari ya kuunganisha ni kuacha breki za gari dogo chini ya mzigo wa gari kubwa. Kigari kidogo cha mizigo cha Kijapani, kirikuu, kwa sheria za kwao kinaruhusiwa kubeba kilo 350. Mikungu 15 ya ndizi yenye kilo 25 kila mmoja tayari ni kilo 375. Fundi akiongeza majani ya springi, gari litabeba zaidi bila kuinama, lakini masta silinda na ngoma ni zile zile. Ukibadilisha ekseli, badilisha na breki zinazoendana nayo. Hakikisha breki ya mkono inalishika gari likiwa na mzigo kwenye mlima, bila msaada wa gia. Breki ya mguu ijaribiwe mara kadhaa mfululizo, si mara moja.

Kubadilisha bila kuunda

Wengi wetu hatutaunda gari zima. Tunabadilisha injini, bodi au rangi. Hata hivyo kadi ya gari inataja mambo hayo, na yakibadilika gari hukaguliwa na kumbukumbu za TRA hurekebishwa. Tela nalo husajiliwa peke yake, kwa namba yake. Halijifichi nyuma ya namba ya gari linalolivuta.

Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima, na inaandikwa kwa gari maalumu. Gari lisilosajiliwa halina pa kuandikwa. Likimgonga mtu Kiwira siku ya soko, matibabu na fidia vinamwangukia mwenye gari, na wengi hapa mali yao ni shamba.

Anayetaka kuunda magari ya kuuza anaingia ngazi nyingine, ya Shirika la Viwango, TBS. Huko ndiko waliko kina Kaypee Motors, kampuni ya mchora katuni Masoud Kipanya iliyozindua gari la umeme Dar es Salaam mwezi Machi 2022. Kwa mashine za shambani, kama tela la pawatila, ushauri unapatikana SIDO, na CAMARTEC ya Arusha hufanya majaribio ya zana za kilimo.

Kwa gari moja la kwako, nenda kituo cha polisi cha wilaya ukamwone mkaguzi wa magari, na ofisi ya TRA, ukiwa na mchoro na karatasi za vipuri, kabla fundi hajawasha mashine ya kuchomelea. Fremu ikikataliwa siku hiyo, umepoteza nauli ya kwenda mjini.