Rinda, Marinda na Hatima ya Neno

Rinda ni mkunjo wa nguo uliopimwa, ukashonwa, ukakaa. Marinda ni mikunjo ya namna hiyo iliyofuatana kiunoni au kwenye ukingo wa vazi. Tanzania jina hili limebaki kwenye mkunjo: husemwa sketi ya marinda, na vazi zima huitwa gauni, neno lililotoka Kiingereza. Kwa Wakenya wengi sehemu imelipa zima jina lake, na rinda ndilo gauni lenyewe. Maneno ya mapambo yana tabia ya kuhama. Wafaransa waliyaita marinda ya urembo kwa jina la mzinga wa nyuki, ruche. Wajerumani wakalichukua, wakaliandika Rüsche.

Wamisionari wa Kijerumani, Wamoravian na wale wa Berlin, walifika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891. Waliwakuta wenyeji na mavazi ya magome ya miti, na gome halishonwi marinda. Marinda yataka kitambaa laini, sindano na pasi. Yataka fedha pia: kiuno cha sentimita 70, mikunjo ikibanana, hula mita 2 za kitambaa na ziada, mara tatu ya kipimo cha mwili. Ndiyo maana kutoka Tukuyu hadi Kinyala sketi ya marinda si vazi tu. Ni ushahidi kwamba aliyeinunua hakubana kitambaa.

Kinyakyusa cha asili hakina sauti ya r. Mahali pake husikika l. Mtu wa Kinyala akitamka malinda, Mswahili wa pwani hutabasamu, kwani masikioni mwake limeingia neno la kulinda. Asitabasamu sana. Mitaani marinda yamegeuzwa tusi la maungoni, hata mwanafunzi huona haya kuitaja sketi yake, na mshairi mwenye vina vya -nda hulikwepa neno lisije likachekesha asipokusudia.

Tukiliacha, tutashika lipi? Mkunjo hupatikana hata kwa kuikalia nguo. Kunyanzi huja bila kuitwa. Rinda peke yake ndilo linalotaja mkunjo uliokusudiwa na mkono wa fundi. Mafundi cherehani bado hulitaja bila haya, mchana kweupe, mbele ya wateja wao. Washairi nao wana wajibu huohuo.