Kitufe kimoja kipya, na wimbo wa kwaya ukaharibika

Leo ni historia kidogo, na inaanza na kosa langu mwenyewe.

Niliandika plagini ya mwangwi kwa jamaa wa studio hapa Kitengela, anayerekodi kwaya za huku na za Kajiado mjini. Ilikuwa na vitufe vitatu vya kuzungusha: muda, marudio na sauti. Akaomba cha nne, cha kupunguza besi. Nikakipachika kati ya muda na marudio, kwa sababu hapo kilipendeza kwenye skrini.

Akafungua wimbo wa zamani. Jamani! Mwangwi haukomi, maneno hayasikiki. Ile 0.95 ya sauti ilikuwa imehamia kwenye marudio.

Kwa nini? Turudi nyuma. MIDI ya 1983 ilituma mzunguko wa kitufe kama namba, 0 hadi 127. Mwaka 1996 Steinberg, kampuni ya Hamburg, Ujerumani, ikatoa VST pamoja na Cubase. Humo kila kigezo ni desimali kati ya 0 na 1. Cubase haijui kama hiyo ni sekunde au desibeli, plagini ndiyo inayotafsiri. Kwangu, muda wa 0.5 nazidisha kwa 1000, napata milisekunde 500. Mwaka 2000 watu wa Linux wakaja na LADSPA, ambayo inatumia vipimo halisi: hezi ni hezi, na plagini inaweza kutaja kiwango cha chini na cha juu.

Lakini shida yangu ilikuwa kwingine. VST 2, niliyoitumia, inatambua kigezo kwa nafasi yake kwenye foleni: 0, 1, 2. Ukiingiza mgeni katikati, walio nyuma yake wote wanasogea, na wimbo uliohifadhiwa haujui. VST 3 ya mwaka 2008 ilikipa kila kigezo kitambulisho chake, kisichotegemea foleni.

Basi nikakihamishia kigezo kipya mwisho wa foleni. Kwenye skrini kikabaki palepale. Thamani yake ya mwanzo nikaiweka 0, yaani besi isiguswe. Jamaa akafungua wimbo tena, kwaya ikasikika kama siku ile waliyorekodi.

Kwa hiyo wewe unayeandika plagini: panga skrini utakavyo, lakini foleni usiiguse. Kuna nyimbo za watu humo.